Mwaka Tuliomwogopa Sangara

Mama Koku amekufa, na mimi peke yangu ndiye ninayejua Koku alikufa kwa ugonjwa gani. Habari ilinifikia hapa Usagara nikichambua mchicha barazani. Kijana wa ukoo wao alipiga simu, akasema, "Shikamoo mama, bibi ametutoka," nikauacha mchicha ulivyo na kesho yake nikapanda basi la Bukoba kwenda kuzika. Pale Kigongo, ambapo zamani tulisubiri kivuko mpaka jua likatuchoma visogo, basi liliingia darajani bila hata kusimama. Mama mmoja mbele yangu alifumba macho akaanza kusali rozari. Kijana mmoja akamwambia mwenzake, "Hili likikatika tumekwisha, samaki watatufaidi," watu wakacheka kile kicheko cha woga. Dereva, wakati huo, alikuwa ameshika simu sikioni, anabishana na mtu kuhusu mzigo, na tangu tutoke Usagara alikuwa ameshayapita malori kwenye kona asizoona mbele. Huko kwenye kona hakuna aliyefumba macho. Mimi nimekuwa bibi afya maisha yangu yote ya kazi mpaka nikastaafu, kwa hiyo sikushangaa. Nilichoka tu. Nikaegemeza kichwa dirishani, nikayatazama maji kule chini, na mwaka ule wa Kirumba, pale Mwanza, ukanirudia wote.

Nilifikaje kuishi kwa Mama Koku si habari ya sura hii. Inatosha kusema kwamba nilikuwa kidato cha tatu, nilihitaji mahali pa kulala karibu na shule, na yeye alihitaji mtu wa kumsaidia binti yake kuosha vyombo. Koku alikuwa rika langu. Nyumba ilikuwa imebanwa kati ya mawe makubwa, juu kidogo ya soko la samaki la Mwaloni, na upande mmoja wa chumba chetu haukuwa na ukuta. Lilikuwepo jiwe lenyewe. Jiwe lile lilishika joto la mchana, na tulipolala kila mmoja alitaka kuwa upande wake. Chumba cha mbele ndicho kilikuwa mgahawa: meza zenye vitambaa vya plastiki vyenye maua, mabenchi, picha ya Bikira Maria, na pembeni ya mlango pipa la buluu la maji ya kunywa. Juu ya pipa kulikuwa na kikombe cha bati kilichofungwa kamba ili mteja asije akaondoka nacho. Maji tuliyateka ziwani mimi na Koku kila asubuhi kabla ya shule. Mama Koku alikuwa Mhaya wa kupenda usafi mpaka unakera. Sufuria zake alizisugua kwa majivu hadi unajiona uso, vitambaa vya meza vilifutwa kila mtu akiinuka, na ole wako uingie jikoni bila kufunga kichwa. Nalisema hili mapema kwa sababu usafi wake ndio uliotuponza.

Mwaka ule boti ya abiria iliyokuwa ikienda visiwani ilizama. Sitaeleza jinsi ilivyozama, kwa sababu sikuwepo na yaliyosemwa yalikuwa mengi kuliko watu waliokuwamo. Nakumbuka tu Kirumba ilivyokuwa baada ya hapo: redio zikilia nyimbo za maombolezo, akina mama wamejifunga khanga kiunoni wanatoka msiba mmoja kuingia mwingine, na wanaume wamesimama ufukweni kutwa nzima wakingoja ziwa liwarudishie watu wao. Wengine walirudishwa, wengine hapana. Ndipo likaanza neno. Mtu mmoja, ambaye kila msimuliaji alimfahamu kupitia kwa mtu mwingine, alipasua sangara akakuta pete ya ndoa tumboni. Siku iliyofuata haikuwa pete tena, kilikuwa kidole chenye pete. Kufikia Jumapili, kidole kilikuwa na jina la mwenyewe.

Mteja wetu mkubwa aliitwa Masalu, mpagazi wa Mwaloni, Msukuma mwenye mabega mapana na sauti ya taratibu. Kila mchana alikula ugali na kipande cha sangara. Siku moja alikaa, akatazama sahani, akaisukuma mbele kidogo kwa kidole.

"Mayu, huyu samaki ametoka wapi?"

"Ametoka ziwani, Masalu," Mama Koku alijibu. "Ulitaka atoke Tabora?"

"Ziwani upande gani?"

"Waitu! Sasa mimi nimuulize samaki kitambulisho?"

"Basi nipe malagwe."

Akapewa maharagwe. Alipomaliza alikwenda kwenye pipa, akazamisha kikombe, akanywa, akakizamisha tena, akajifuta mdomo kwa kiganja na kushukuru. Maji yalikuwa ya ziwa lile lile alilomkataa samaki wake, na sisi sote tuliokuwepo hatukuona ajabu yoyote. Baada ya hapo wateja wote wakawa wa maharagwe. Kule sokoni wauza samaki wakaanza kupaza sauti, "Sangara wa Musoma! Hawa wa Musoma jamani, hawajui msiba!" Dagaa walisamehewa kwa sababu ya udogo wa midomo yao. Sato naye alisamehewa baada ya mabishano, mzee mmoja aliposema kwamba yule hula majani. Sangara hakupata wakili. Mama Koku alianza kununua nyama, ambayo haikumlipa, na jioni alikaa kwenye kigoda akiwa ameshika tama, anatazama mabenchi yake matupu. Alipiga marufuku sangara nyumbani kwake. "Si kwamba naamini," alituambia. "Lakini kwa nini nijaribu?"

Koku peke yake ndiye aliyecheka. Alikuwa msichana mwembamba, mwenye meno yaliyoachana na mdomo usiokubali kutulia, na kila jambo la kutisha alilifanyia mzaha mpaka likaona aibu. Sangara walikuwa wameshuka bei kiasi cha kugawiwa bure, kwa hiyo alichukua vipande kwa wauzaji waliomzoea, akavichoma uani nyuma ya jiwe wakati mama yake yuko sokoni, na tukala kwa mikono, moto, mafuta yakitiririka viwikoni. "Mimi nikila mtu bila kujua," alisema, "dhambi ni ya samaki." Siku moja jirani yetu, mwanamke mshona nguo, alichungulia juu ya ua akatukuta. Alivuta tu khanga yake puani na kurudi kwenye cherehani. Sijawahi kula samaki mtamu kama wale. Naandika hivi nikijua kwamba kuna watakaoguna.

Kisha likaja gari la matangazo. Ni gari lile lile lililotutangazia mechi za pale uwanja wa Kirumba na dansi za mwisho wa mwezi, na sauti ilikuwa ya mtu yule yule, kwa hiyo watoto walilikimbilia wakicheza. Lilisema kipindupindu kimeingia mjini. Lilisema chemsheni maji, naweni mikono kwa sabuni, mkiona mtu anaharisha maji yanayofanana na maji ya kuoshea mchele mpelekeni kambini haraka, na njiani mnywesheni maji ya chumvi na sukari. Kambi ilikuwa mahema yaliyofungwa kwenye uwanja wa shule, si mbali na kwetu. Niliwasikiliza wateja siku ile nikiwa nafuta meza. Mmoja alisema ugonjwa upo kule bondeni, wanakojisaidia ovyo. Masalu alisema alipita bondeni asubuhi, na wao wanasema upo huku juu kwenye mawe. Mwingine akasema kwamba ukiingizwa kwenye yale mahema hutoki, na ukifa wanakumwagia chokaa, wanakuzika hapo hapo Mwanza kwenye shimo, hakuna kuoshwa, hakuna matanga, hakuna kurudishwa kwenu. Hapo nilimwona Mama Koku akisimama na mwiko mkononi. Kwa Mhaya, kuzikwa mbali na migomba ya kwao ni kufa mara ya pili.

Bwana afya alifika kwa miguu wiki hiyo, kijana mpole mwenye viatu vyenye vumbi. Alichungulia pipa, akashika kile kikombe chenye kamba, akamwomba Mama Koku achemshe maji na aondoe kikombe cha watu wote.

"Baba, unaniambia mimi mchafu?" Mama Koku aliuliza. Alimletea sufuria. "Haya, lamba hii. Lamba uniambie."

"Si uchafu wa macho, mama."

"Uchafu usioonekana na macho ni wa kwako wewe unayeufikiria. Waulize majirani kama nyumba hii inanuka."

Wateja walimcheka yule kijana mpaka akatoka. Nilimwonea huruma bila kujua kwamba nitakuja kuvaa viatu vyake. Miaka yote niliyofanya kazi, mlango niliofungiwa zaidi ulikuwa ule. Ukimwambia mtu boti itazama, anakushukuru na kwenda kuwaambia wenzake. Ukimwambia achemshe maji, umemtukana yeye, mama yake na jiko lake. Boti ikizama kuna majina ya waliokufa, kuna nahodha wa kulaaniwa, na kuna habari ya kusimulia hadi uzeeni. Kuhara hakuna anayekusimulia. Nimewaona watu wakiuogopa ugonjwa wa nchi za mbali waliousikia redioni, wakanunua mpaka dawa za kujifukiza, huku watoto wao wanachota maji mtaroni. Nilisema, nikachora, nikaonyesha, nikapiga magoti. Sidhani kama nilimgeuza hata mtu mmoja.

Koku aliugua Jumapili. Alfajiri aliondoka kitandani kwenda uani, akarudi, akaondoka tena, na jua lilipotoka hakuweza kusimama. Niliona kilichomtoka. Kilikuwa vile vile lilivyosema gari. Nilimkimbilia mama yake jikoni nikamwambia, "Mama, ni kipindupindu. Tumpeleke kambini, ni hapo tu." Alinitazama kana kwamba nimemtemea mate. "Kipindupindu ndani ya nyumba yangu?" alisema. "Umewahi kuona inzi humu?" Mlangoni alikuwa ameshasimama yule jirani mshona nguo, na khanga yake iko puani. Akasema polepole, bila ubaya, kwa kweli akiwa anasikitika, "Mama Koku, huyu mtoto si ndiye aliyekuwa anakula sangara?"

Hapo mambo yakakatika. Mama Koku alikaa chini kwenye sakafu. Alimuuliza Koku, naye Koku, ambaye hakuwa na nguvu ya kudanganya, akaitikia kwa kichwa. Nilisema na mimi nimekula, tena kutoka moto ule ule, na mimi ni mzima. Mama Koku alinijibu kwamba mimi bado zamu yangu. Kuanzia dakika ile ugonjwa ulikuwa na jina lake: waliozama walikuwa wanadai chao. Kambini wangejua nini kuhusu hilo, zaidi ya chokaa? Koku alitakiwa afike kwao, bibi yake amshike, padri wa kwao amwombee, na kama ni kufa, basi afie kwenye migomba. Dereva aliyetuletea ndizi kutoka Kagera alikuwa anarudi na pikapu tupu, akakubali kutuchukua. Meli ya Bukoba ingekuwa njia nyepesi zaidi, lakini neno lenyewe meli Mama Koku hakutaka kulisikia. Tungezunguka kwa barabara, tukavuke maji pale Kigongo tu.

Tulimlaza nyuma kwenye majani ya mgomba. Tangu asubuhi alikuwa anaomba kitu kimoja. "Mama, maji." Na mama yake, akilia, anamfuta midomo kwa pindo la khanga kavu na kumwambia, "Ukinywa utazidi kuhara, mwanangu. Vumilia tumbo lifunge." Nilimwambia gari la matangazo lilisema apewe maji yenye chumvi na sukari. Alisema, "Gari la dansi?" Tulipofika Usagara, hapa hapa ninapoishi sasa, macho ya Koku yalikuwa yamedidimia, na ngozi ya vidole vyake ilikuwa imekunjamana kama ya mtu aliyefua kutwa.

Foleni ya kivuko ilikuwa ndefu. Kila aliyekuwa anangoja alikuwa na dumu tupu. Hiyo ndiyo ilikuwa desturi mpya ya mwaka ule: inasemekana mtu mmoja kwenye ile boti aliokoka kwa kukumbatia dumu la mafuta lililofungwa kizibo, na tangu hapo hakuna aliyevuka maji bila lake. Wazee walivuka na madumu, wanafunzi walivuka na madumu, wanawake waliwafunga watoto mgongoni na dumu juu ya mtoto. Mama Koku alikuwa na lile la njano tulilotekea maji kila siku. Alinipa nilifunge kifuani kwa Koku kwa khanga, nilikaze vizuri, kwa sababu waliozama wangemvuta yeye kwanza. Pembeni ya foleni mwanamke mmoja alikuwa anauza chai, na birika lake lilikuwa linachemka juu ya mkaa. Nilisema, "Mama, niruhusu nikaombe maji ya moto pale. Nitie kidogo tu kwenye hili dumu, yapoe, tumpe njiani."

"Una wazimu?" Mama Koku alisema. "Likiwa na maji litaelea vipi?"

Nikalifunga tupu. Kivuko kiliondoka taratibu, maji yametulia kabisa, hakuna hata wimbi. Watu wote walisimama wamekumbatia madumu yao, wanatazama ng'ambo. Koku hakuwa na sauti tena. Nilikuwa nimemshika kichwa mapajani. Aligeuza uso, akatoa ulimi, akalamba kizibo cha dumu. Kilikuwa kikavu. Akalamba tena. Mama yake hakuona, alikuwa amefumba macho anasali tusizame. Sikumbuki tulikuwa wapi ziwani aliponyamaza. Najua tu kwamba ubao wa kivuko ulipogusa ardhi ya Busisi, watu walipiga vigelegele, na Mama Koku akafumbua macho, uso unang'aa, akamtikisa bega. "Koku! Tumevuka, mwanangu. Tumevuka salama!"

Dereva ndiye aliyemfunika uso. Hatukumwambia mtu yeyote. Tukipita vizuizi tulisema amelala. Alizikwa kwao, kwenye migomba, ameoshwa na shangazi zake, amevishwa gauni la kipaimara, na watu wakala msiba wote kama inavyotakiwa. Wanawake walimzunguka Mama Koku wakamuuliza mtoto alifia wapi. Akasema kivukoni. Wakashika vichwa. Akasema, "Lakini hakufa maji." Nikawasikia wakishusha pumzi wote kwa pamoja, mmoja akasema Mungu ni mwema, hakufa maji, na beseni la kunawa likaendelea kuzunguka kutoka mkono hadi mkono. Kabla mwezi haujaisha niliandikiwa kwamba shangazi aliyemwosha naye ameondoka, na wengine pale jirani, na kwamba kijijini wamekubaliana: ni yule sangara aliyewafuata.

Nilisomea afya kwa hasira. Hasira hiyo ilinibeba miaka mingi, halafu ikaisha, na baada yake hakukuja kitu kingine. Mama Koku alihamia kwao moja kwa moja na hakufungua tena mgahawa. Nilikuwa namtembelea kila nilipopata nafasi, naye hakuwahi kuligusa jambo lile, hadi safari ya mwisho, miezi michache kabla hajafa. Alikuwa amelala chumba cha nyuma, macho hayaoni vizuri. Alinipa kahawa ya kutafuna kama anavyopewa mgeni, akanitafuta mkono akaushika. Akasema, "Wewe umesoma magonjwa yote. Nataka uniambie kabla sijaenda. Mwanangu alikuwa na nini?"

Maisha yangu yote nilikuwa nimewasemesha watu wasiotaka kujua, na huyu alitaka. Nililijua jibu tangu kidato cha tatu. Nililijua pamoja na dawa yake, ambayo ilikuwa kwenye birika la muuza chai, hatua chache kutoka tuliposimama. Nilimtazama yule mama, mikono yake iliyosugua sufuria kwa majivu, na nikaona hakuna hatari yoyote iliyobaki duniani ambayo ukweli huo ungemkinga nayo.

"Ni yule sangara, Mama," nikasema.

Akatikisa kichwa kidogo juu ya mto.

"Nilimkataza," akasema. "Hakunisikia."